Mkuu wa Shangani, hiyo kilo 100 usiiguse kesho

Umesema uko Mtwara, una mwezi mmoja jimu, na kocha kakupangia dedilifti (kunyanyua nondo kutoka sakafuni hadi usimame wima) ya kilo 100 "ili mgongo uzoee". Mgongo hauzoei hivyo, unaumia. Ushauri huohuo nilishauziwa na mwingine wa aina yake, na hela sikurudishiwa. Kazi yao ni kupiga kelele "vuta, vuta!" huku macho yao yamezama kwenye simu.

Sheria ni moja: kiuno kikianza kujikunja, seti imeisha. Hata kama kahesabu mbili kati ya kumi.

Kinachokunja watu huku kwetu ni sahani ndogo, yale magurudumu ya uzito yanayovishwa kwenye nondo. Sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sm 45, kwa hiyo nondo inakaa kama sm 22 kutoka sakafuni. Jimu zetu za mtaani zina sahani ndogo au zege la kwenye makopo, nondo inalala chini mno. Ukiifuata, kiuno kinapinda kabla hujanyanyua chochote. Weka tofali kila upande mpaka nondo ifike katikati ya ugoko.

Nondo ikae juu ya katikati ya unyayo, sm 2 au 3 kutoka ugokoni. Shika nje ya miguu, mikono imenyooka. Kunja magoti hadi ugoko uguse nondo bila kuisogeza, kisha toa kifua. Vuta pumzi ijae tumboni, kaza kama mtu anayesubiri ngumi. Vuta kidogo kwanza mpaka usikie nondo imegonga kwenye matundu ya sahani, ndipo usukume sakafu kwa miguu. Nondo ipande ikigusa mapaja. Juu simama wima tu, usijirudishe nyuma, hatupigi picha ya harusi. Kushuka, makalio yatangulie nyuma. Magoti yakunjwe nondo ikishayapita.

Anza na nondo tupu ya kilo 20 (ya bomba ipime kwanza), juu ya tofali za kuifikisha palepale katikati ya ugoko, seti 3 za mara 5. Zikitoka safi zote, ongeza kilo 5. Mkanda wa kunyanyulia hauushiki mgongo, unalipatia tumbo kitu cha kusukuma, kwa hiyo usiutegemee kuficha kiuno kilichopinda.

Maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, acha, nenda hospitali.

Ile mashine ya kuvuta kutoka juu uliyouliza: leta mpini kifuani, siyo nyuma ya shingo. Kwanza mwambie mtu akurekodi kwa ubavuni, tuone hicho kiuno.