Jibu: Sili ya krenki ni mpya, oili bado inavuja

Salaam ndugu. Umebadilisha sili ya mbele ya krenki (pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokeza) na oili imerudi kuvuja. Kabla ya kununua nyingine, kagua hosi ya kupumulia ya injini: ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili nje, hata sili iwe nzuri vipi. Kama iko wazi, vua puli ya krenki, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapogusa, kwenye shafti au shingo ya puli. Ukucha ukikwama, pameshalika. Pavalishe sleevu nyembamba (bomba jembamba la chuma linalofunika palipolika), au sili mpya ikae milimita 1 hadi 2 nje ya alama ya zamani. Paka mdomo wa sili oili, springi yake itazame ndani ya injini, igonge sili taratibu kuzunguka ukingo isiende upande. Silikoni mdomoni, hapana kabisa.