Nasoma udhanaishi na vitabu vya magonjwa ya akili: nitajuaje kama naumwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 24, nasoma chuo Morogoro. Nilianza na riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi, nikaingia kwa Wafaransa Camus na Sartre na udhanaishi, yaani falsafa ya mtu kujiuliza maana ya kuwepo kwake, halafu vitabu vya saikolojia na magonjwa ya akili. Sasa kila nikifika kwenye orodha ya dalili najiona mimi. Mambo mengi siyaoni maana, usingizi umekuwa wa shida, ila darasani naenda. Je, hii ni sonona (depression) au ni falsafa tu imenikolea? Na nikiendelea kusoma, nifuate mpangilio gani?

JIBU: Marahaba. Tuanze na usingizi, maana ya maisha itafuata. Hujasema ni shida ya aina gani, na jibu linategemea sana hapo. Je, unachelewa kulala kwa sababu unasoma hadi usiku wa manane? Au unalala saa nne vizuri, unashtuka saa tisa usiku na kubaki macho hadi alfajiri, moyo mzito? La kwanza mara nyingi hurekebishika kwa kufunga kitabu mapema. La pili, hasa kama asubuhi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote za siku yako, ni dalili ya sonona inayojulikana sana.

Sonona haipimwi kwa mawazo peke yake. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, unataka dalili tano kati ya tisa, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda. Nyingine saba ni mabadiliko ya usingizi, mabadiliko ya hamu ya kula au uzito, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia, kushindwa kumakinika, kujiona huna thamani au kujilaumu kupita kiasi, na kuwaza kifo. Tena ziwe zinakutesa kweli au zimevuruga masomo, kazi au mahusiano. Kwetu wagonjwa wengi hawalitaji hata neno huzuni. Wanakuja na kichwa kuuma, mwili kuchoka, moyo kwenda mbio, au wanasema tu "nina mawazo mengi". Na uone kwamba kutoona maana ya maisha hakumo katika hizo tisa.

Wasomaji hupotea kwa sababu huokota dalili na kuacha masharti yake. Nani hajawahi kuchoka au kukosa usingizi? Ukiondoa muda, uzito na madhara yake katika maisha, orodha yoyote itakufaa. Wanafunzi wa udaktari nao hupatwa na hali hii kila wanapofika kwenye ugonjwa mpya. Badala ya orodha ya kitabuni, tumia dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Chini ya 5 ni hali ya kawaida. 5 hadi 9 ni dalili nyepesi: rudia baada ya wiki mbili. Ukipata 10 au zaidi, nenda ukaonwe na mtaalamu, kwa kuwa dodoso huchuja tu, halithibitishi ugonjwa. Swali la tisa, la kuwaza kufa au kujidhuru, lina kanuni yake: ukijibu chochote zaidi ya 0, zungumza na mtaalamu siku hiyohiyo hata kama jumla ni ndogo, na usibaki peke yako.

Kuna kipimo kingine ambacho mwenye kusoma falsafa anaweza kukitumia vizuri. Daktari wa akili Mmarekani, Aaron Beck, alionyesha kwamba mawazo ya mwenye sonona huelemea sehemu tatu: nafsi yake, dunia na siku zijazo. Camus naye huzungumzia dunia, na wasiwasi mbele ya kifo kwa Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani, unahusu kila binadamu. Hakuna kati yao anayesema kwamba wewe hasa ndiwe mzigo kwa wenzako. Kwa hiyo sikiliza sentensi inayojirudia kichwani. Ikiwa ni "maisha hayana maana iliyoandaliwa tayari", hilo ni swali la falsafa, na mtu anaweza kuishi nalo huku akila, akilala na kucheka na wenzake. Ikiwa ni "mimi sifai, bora nisingekuwepo", hapo ugonjwa umevaa nguo za falsafa.

Wasiwasi nao uko hivyo. Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, mwaka 1844 aliueleza kama kizunguzungu cha uhuru, hali isiyo na kitu maalumu kinachoogopwa, na kwake ni sehemu ya kuwa binadamu. Ugonjwa wa wasiwasi hospitalini hutambuliwa kwa mengine: hofu isiyozuilika kwa siku nyingi katika miezi sita au zaidi, misuli kukaza, kuchoka, usingizi kuharibika.

Mambo haya mawili, maswali ya falsafa na ugonjwa, yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hilo nalisisitiza kwa sababu kulisahau kumewahi kugharimu maisha. Mgonjwa aliyepewa jina la Ellen West, aliyekuwa akijinyima chakula, alitibiwa na daktari wa akili Ludwig Binswanger huko Uswisi mwaka 1921, akaruhusiwa kutoka, na siku chache baadaye akajiua. Miaka zaidi ya ishirini baadaye Binswanger alimwandika kwa lugha ya kifalsafa iliyofanya kifo kile kionekane kama mtu kujipata hatimaye. Wengi wamempinga, na mimi nawaunga mkono. Ukisoma maelezo ya namna hiyo, uliza kwanza mgonjwa alikuwa anakula kiasi gani. Kazimoto wa Kichwamaji msome kwa macho hayohayo: mwisho wake wa kujiua ni uamuzi wa mwandishi juu ya mhusika, haukuhusu wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki mbili zijazo usisome lolote kati ya haya baada ya saa mbili usiku, na amka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Mchana soma dakika 45 kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kufungua kitabu andika hali ya moyo kwa alama 0 hadi 10, na baada ya kufunga andika tena. Kitabu kikikushusha alama mbili au zaidi mara tatu mfululizo, na hadi asubuhi hujarudi ulipokuwa, kiweke kando. Usingizi usiporekebika, nenda hospitali ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili; si lazima ufike Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Omba pia upimwe damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi kufanya kazi pungufu huleta uchovu unaofanana sana na sonona. Taja pombe na dawa zozote unazotumia.

Ukiandikiwa dawa za sonona, ujue nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana vizuri. Vitabu vya Laing na Szasz, madaktari wa akili waliopinga fani yao wenyewe, vina hoja za kufikirisha dhidi ya tiba ya akili ya wakati wao, lakini visikufanye uache dawa ghafla. Kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi kuvurugika huweza kufuata. Dozi hupunguzwa polepole na aliyeiandika.

Sasa mpangilio. Anza na waliokuwa madaktari. Frankl, Man's Search for Meaning, kitabu cha 1946 kuhusu kambi za Wanazi, ni kifupi na hakikatai tiba ya kitabibu. Kisha Yalom wa 1980, Existential Psychotherapy, anayepanga hofu zetu katika mambo manne: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana. Jaspers wa 1913, General Psychopathology, ni kizito, lakini sura zake za kutofautisha kinachoeleweka kutokana na maisha ya mtu na kinachohitaji kuelezwa kwa sababu za kimwili zitakufaa hasa wewe. Ndipo umrudie Camus katika The Myth of Sisyphus, na safari hii ummalize: wengi huishia kurasa za mwanzo anapouliza kuhusu kujiua, wasifike anapojibu kwamba hapana, binadamu aishi na kuasi. Sartre baada yake, riwaya ya Nausea kabla ya Being and Nothingness, kitabu kikubwa cha 1943. Heidegger awe wa mwisho, na umsome pamoja na mwalimu au wenzako wawili watatu, maana peke yako utakwama kwenye msamiati kabla hujaifikia hoja.