Kichujio Kikivuja, Usikimbilie Kuongeza Vizidishi

Wengi tunaotengeneza vichujio vya kidijitali vya kupitisha masafa ya chini huanza hivi: tunachukua mkondo usio na mwisho wa vizidishi, yaani namba za kuzidishia sampuli, unaotoka kwenye hesabu, tunaukata pande zote mbili ili programu iumudu, halafu masafa tuliyotaka kuyazuia yanaendelea kupenya. Hapo utaambiwa uongeze vizidishi. Usikubali haraka.

Kukata ghafla ni sawa na kutumia dirisha (orodha ya namba za kupimia uzito wa kila kizidishi) la mstatili. Uzuiaji wake wa masafa yasiyotakiwa unagota kwenye desibeli 21 hivi, uweke vizidishi 51 au 501. Ukirefusha, mpito kati ya masafa yanayopita na yanayozuiwa unakuwa mkali na viwimbi vya kimo vinabanana ukingoni, lakini kile kikubwa kuliko vyote hakipungui kimo. Ndiyo tabia iliyopewa jina la Gibbs. Dawa yake ni kuzidisha kila kizidishi kwa thamani ya dirisha linalofifia taratibu kuelekea nchani. Dirisha la Hann hukupa desibeli 44 hivi, la Hamming 53, la Blackman 74.

Gharama yake ni mpito kupanuka. Tuseme unachukua sampuli 8000 kwa sekunde na unataka mpito wa hezi 200. Hamming itahitaji vizidishi kama 133, Blackman kama 221, na ucheleweshaji utapanda kutoka milisekunde 8.25 hadi 13.75. Kwa sauti ya mazungumzo ya moja kwa moja, tofauti hiyo naijali sana. Kwa hiyo mimi huamua kwanza desibeli ngapi zinatosha, nachagua dirisha, na urefu unafuata wenyewe.

Nikitaka desibeli 60, Hamming haifiki na Blackman inapitiliza. Hapo natumia Kaiser, ambalo lina kirekebishi kiitwacho beta: 5.65 na vizidishi 147 vinatosha kabisa. Ni dirisha ninalolipenda kuliko yote, na nashangaa linavyofundishwa mwishoni kama nyongeza.

Ukimaliza kuzidisha, gawanya vizidishi vyote kwa jumla yao ili masafa ya sifuri yapite bila kubadilika kimo. Chora matokeo kwa desibeli, maana kwenye mchoro wa kawaida uvujaji hauonekani. Na usishtuke ukikuta masafa ya kukatia yameshuka kwa desibeli 6 badala ya 3 ulizozoea. Njia hii huweka hapo nusu ya kimo.