Turbo, supachaja au kamshafti kwa injini ya 1.8? Jibu la mtu aliyekwisha pasua pistoni

Mkuu, umesema una injini ya lita 1.8 ya petroli, ya kawaida, kompresheni 10.5 kwa 1 (yaani pistoni inabana mchanganyiko mara kumi na nusu), na unataka "angalau farasi 50 za ziada", yaani nguvu za injini. Umeuliza ufunge turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazungushwa na moshi wa egzosi), supachaja (inasukuma hewa vilevile, ila kwa mkanda wa injini), au ubadili kamshafti (mhimili unaofungua vali) na egzosi. Wengi juu hapo wamekujibu "turbo, basi". Mimi nilijibiwa hivyohivyo, nikaitikia, na pistoni ya silinda namba 3 bado ninayo kwenye droo.

Tuanze na hewa, maana petroli kuongeza ni rahisi, hewa ndiyo inayosumbua. Injini yako ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta, kwa hesabu ya karatasi, lita 5,400 za hewa kila dakika. Hiyo ni kama kilo sita na nusu, inayohitaji nusu kilo hivi ya petroli. Ukitaka nguvu zaidi una njia tatu tu: injini iwe kubwa, izunguke haraka zaidi, au kila pumzi iwe nzito zaidi. Turbo, supachaja na hata gesi ya naitrasi zote ziko kwenye hiyo ya tatu. Kamshafti iko kwenye ya pili. Egzosi na filta "ya michezo" zinapunguza tu kikwazo kidogo, na kwenye injini isiyo na turbo utapata farasi chache na kelele nyingi.

Sasa habari yangu. Nilikuwa na injini ya 1.6, kompresheni 10.5 kama yako. Nikapata turbo iliyotumika, menifoldi (bomba la kukusanya moshi) ya kuchomelea, intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) ndogo, nikaweka presha ya bar 0.6. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, niliiacha ile ya kiwandani. Mafuta nikayaongeza kwa rigyuleta inayopandisha presha ya petroli kwenye injekta kadiri turbo inavyosukuma. Wiki tatu nilikuwa mfalme. Gari ilikuwa inavuta gia ya nne mlimani kama inateremka.

Siku moja, mlima huohuo, mguu chini kabisa, nikasikia sauti kama changarawe zinatikiswa kwenye kopo. Nilidhani ni kinga ya joto ya egzosi imelegea, nikaendelea kukanyaga. Kabla sijafika juu injini ikaanza kutetemeka. Nilipochomoa kijiti cha oili, moshi ukanipulizia usoni. Kupima kompresheni: silinda tatu zinasoma bar 12 na kitu, ile namba 3 inasoma 5. Plagi yake ndiyo iliyonifundisha kuliko maelezo yote: kaure nyeupe kabisa, na juu yake vidoadoa vya kijivu vinavyong'aa, vidogo kuliko chembe za pilipili manga. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umekatika kipande cha urefu wa kucha.

Ile sauti ya changarawe ni mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. (Si ile tunayoita "injini imenoki", ya beringi kula krankshafti, mhimili mkuu wa injini. Hiyo ni habari nyingine, ingawa ukiiendekeza hii utafika na huko.) Chanzo ni joto. Hewa ya nyuzi 30 ukiibana hadi bar 1 juu ya presha ya kawaida, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka ikiwa na nyuzi kama 125. Hata kwa bar 0.5 inafika 80 na ushee. Halafu unaiingiza kwenye silinda inayokwenda kuibana tena mara kumi na nusu. Kontroli boksi yangu haikujua kama kuna turbo, ikaendelea kuwasha plagi mapema vilevile, na injekta zilikuwa zimeshafika mwisho wa uwezo wao. Mafuta pungufu, moto wa mapema, hewa ya moto. Pistoni ya kawaida, ya aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu, ingefanya nini?

Ndiyo maana injini nyingi za zamani zilizotoka kiwandani na turbo zilikuwa na kompresheni ya 8 au 9. Oldsmobile, kampuni ya magari ya Marekani, walijaribu mwaka 1962 na Jetfire yao kubaki na 10.25 kwa 1, ikabidi gari liwe na tangi dogo la maji na methanoli la kupoza mchanganyiko, ambalo mwenye gari alitakiwa alijaze mwenyewe. Wengi walisahau. Siku hizi injini za turbo zinafika 10 na zaidi, lakini zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ikapoza humohumo, na kontroli boksi inasikiliza kila mlio wa changarawe na kurudisha moto nyuma, yaani kuchelewesha cheche ya plagi. Usizichukue hizo kama ushahidi kwamba yako itavumilia.

Supachaja niliijaribu baadaye kwenye gari jingine. Utamu wake ni kwamba unakanyaga na inajibu hapohapo, haisubiri moshi wa egzosi uzungushe feni. Ila inazungushwa na mkanda wa krankshafti, kwa hiyo sehemu ya nguvu unayoiongeza inaliwa na yenyewe. Ile aina ya Roots inachemsha hewa kuliko zote, ya skrubu mbili ina nafuu, na ile ya sentrifuga kwa tabia inafanana na turbo, presha inapanda na mizunguko. Kero yangu kubwa ilikuwa mkanda kuteleza. Ukipunguza puli ili ipige zaidi, mkanda unashika eneo dogo, unalia, presha inashuka palepale unapoitaka.

Kamshafti, je? Mifano ipo: Honda mwaka 1999 walitoa injini ya F20C, lita 2 bila turbo, kama farasi 240. Lakini hizo farasi ziko juu, mizunguko 8,300 kwa dakika, na kila kitu ndani kilibuniwa kwa mbio hizo: vali, springi, njia za hewa kwenye silinda hedi. Ukinunua kamshafti kali ukaiweka kwenye 1.8 ya kawaida, utaondoa msukumo wa chini unaoutumia kila siku kwenye foleni, na huko juu springi zako hazitafika. Kupandisha kompresheni nako ni kazi ya faida ndogo. Kutoka 9 kwenda 10 nadharia inakupa kama asilimia 3.

Naitrasi nitaigusa kwa haraka. Ina oksijeni asilimia 36 kwa uzito, hewa ina 23, na inapoza ikitoka kwenye mtungi. Kwa farasi 50 za sekunde kumi hakuna cha bei ndogo kinachoishinda. Mtungi ukiisha, umerudi ulipokuwa. Na solenoidi (vali ya umeme) ya mafuta ikikwama huku ya gesi inapuliza, nitakuazima nafasi kwenye droo yangu.

Kwa injini yako ningefanya hivi. Kama ipo injini ya turbo ya kiwandani inayokaa kwenye gari hilohilo, itafute nzima, na giaboksi yake, waya zake na kontroli boksi yake. Inaonekana gharama kubwa mpaka ujumlishe menifoldi, injekta, pampu ya mafuta, intakula, klachi na siku za fundi. Kama haipo, turbo ndogo, presha isizidi bar 0.4, injekta kubwa, petroli ya oktani ya juu, na kontroli boksi inayoweza kuandikwa upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko kwenye egzosi. Chini ya mzigo mchanganyiko uwe kwenye 11.5 hadi 12 (uzito wa hewa kwa moja ya petroli), moto urudishwe nyuma. Hapo farasi 40 hadi 50 si ndoto. Oili ya turbo pia usiipuuze: ule mhimili unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili tu. Ukitoka kukimbiza, iache injini ingurume taratibu dakika moja mbili kabla hujazima, la sivyo oili inaungua mle ndani na kuwa masizi magumu.

Halafu breki. Hujaziuliza, najua, hakuna anayeziuliza.

Kabla hujanunua hata bolti moja, chomoa plagi zote nne, pima kompresheni injini ikiwa ya moto na pedali imekanyagwa hadi mwisho, uweke hapa namba za kila silinda pamoja na picha za plagi. Tofauti ikizidi asilimia 10 kati ya silinda na silinda, tuongee kwanza habari ya ringi na vali.