Kisanduku cha namba ya simu kiandike mara moja tu

Kama unatengeneza programu za simu kwa ajili ya watu wa hapa Dar, anza na kisanduku cha namba ya simu. Mimi ndicho kilichonifundisha.

Nilikuwa namtengenezea mfanyabiashara wa Kariakoo programu ya kuagiza vipuri, kwa Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu. Namba ya simu iliombwa sehemu nne: kujisajili, kuingia, kulipia na kumtaja mpokeaji wa mzigo. Kila nilipofika skrini mpya nilinakili msimbo wa iliyotangulia, nikabandika, nikaendelea. Watu wakaanza kukwama. Huyu anaanza na 07, yule na 255, mwingine ameinakili kutoka kwenye majina ya simu yake, imekuja na alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Nikarekebisha kwenye kujisajili, nikasahau kwenye kulipia. Mteja wa Mbagala akachagua vitu vyake vyote, mwisho namba ile ile aliyojisajilia ikakataliwa. Akanipigia: "Kaka, namba yangu ina kosa gani?" Haikuwa na kosa lolote.

Usiku ule nikaandika wijeti moja, yaani kipande cha skrini kinachoandikwa mara moja na kuitwa popote kinapohitajika. Inaondoa nafasi na alama, inageuza 0 ya mwanzo kuwa 255, inahakikisha tarakimu zimefika 12, inafungua kibodi ya namba. Ikikataa, inasema sababu: "Imepungua tarakimu moja." Skrini zote nne zikawa zinaiita hiyo hiyo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu: wijeti isijue inatumika wapi. Ipewe lebo, irudishe namba iliyosafishwa, basi. Kutuma kwenye seva ni kazi ya skrini. Siku utakayoiongezea kigezo cha kuuliza "je, hii ni ya malipo?", simama kwanza, pengine unahitaji wijeti mbili.

Vitufe navyo, usivipangie upana maalumu. "Thibitisha malipo" ni maneno marefu, na mzee aliyekuza herufi za simu yake ataona nusu tu. Kimo kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), kama mwongozo wa Android unavyoelekeza.

Mengine usiharakishe kuyatenga yawe wijeti. Kadi ya bidhaa ikitokea mara mbili naiacha ilivyo. Ya tatu ndiyo naitenga, kwa sababu hapo naona wazi kipi kinabadilika na kipi hakibadiliki. Ila kinachogusa namba ya simu au kiasi cha pesa nakitenga tangu skrini ya kwanza.