Mayai chini ya majani ya mahindi, usipulize dawa kwanza

Salama ndugu, umeuliza hayo mayai ulokuta chini ya majani ya mahindi ni ya mdudu gani na kama upulize dawa. Kwanza tazama, kama yamerundikana 100 mpaka 200 na juu yana manyoya ya kijivu kama ukungu, hayo ni ya viwavijeshi, yaponde kwa vidole leo leo maana kwa joto letu hili siku 2 au 3 yashaanguliwa. Mimi shambani Mwakirunge napita alfajiri, nageuza jani moja moja. Lakini ya manjano yaliyosimama wima kikundi, mara nyingi ni ya yule mdudu mwekundu wa madoa meusi, na yale yaliyo juu ya vijiti vyembamba kama unywele, tafadhali usiguse! Wadudu wa aina hizo mbili wakitoka wanakulia vidukari wako, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mmea.