Majibu ya ultrasaundi ya mishipa ya shingo: usisome asilimia peke yake

Mgonjwa akitoka kupimwa karotidi, ile mishipa miwili mikubwa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, nyumbani huulizwa jambo moja: umeziba asilimia ngapi? Lakini Dopla, sehemu ya ultrasaundi inayosikiliza mwendo wa damu, hupima kasi ya damu, na asilimia hukadiriwa kutokana na kasi hiyo. Majibu yasiyoandikwa kasi, kwetu ni nusu ya majibu. Yaombe yakamilishwe.

Viwango vinavyotumika sana ni vya wataalamu wa radiolojia wa Marekani, vilivyochapishwa mwaka 2003. Moyo unaposukuma, kasi ya juu kabisa katika karotidi ya ndani, tawi linalokwenda kwenye ubongo, ikiwa chini ya sentimita 125 kwa sekunde, mshipa haujaziba kufikia 50%. Kati ya 125 na 230 ni 50 hadi 69%. Ikizidi 230 ni 70% au zaidi. Kisha kasi hiyo hugawanywa kwa kasi ya karotidi kuu, shina lililo chini yake shingoni. Jibu likizidi 4, nalo linaashiria 70% au zaidi.

Mgawanyo huo usirukwe. Mwenye moyo dhaifu kasi yake yote iko chini, hivyo mshipa uliobanwa sana huweza kuonekana umebanwa kidogo. Aliyeziba kabisa upande mmoja, upande wa pili hubeba damu ya ziada na kasi yake hupanda hata kama haujabanwa sana. Kinachotutia hofu zaidi ni mshipa ulio karibu kuziba kabisa: damu inayopita ni kidogo mno, kasi inashuka, na anayetazama tarakimu tu atasema mambo ni shwari. Hapo picha yenyewe ndiyo ya kuaminiwa.

Pembe kati ya mawimbi ya sauti na mkondo wa damu nayo huharibu vipimo vingi. Isizidi nyuzi 60. Pembe halisi ikiwa 60 na mpimaji akaweka 65, kasi hupanda kwa karibu 18%: 200 husomeka karibu 237, na mgonjwa amevuka mpaka wa 230 bila mshipa wake kubadilika hata kidogo. Chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa nayo hutupa kivuli kinachoficha njia ya damu. Ikiwa hivyo, CT ya mishipa (picha za eksirei zinazopangwa na kompyuta) hufuata, baada ya kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na kuulizwa kama dawa ya picha yenye ayodini imewahi kukudhuru.

Ultrasaundi yenyewe haihitaji kufunga kula. Vaa nguo yenye shingo pana, vua mkufu.

Sasa linganisha majibu na dalili. Karotidi ya kushoto huleta udhaifu wa mkono au mguu wa kulia, pengine na kushindwa kusema. Jicho linalofifia ghafla huwa la upande uleule wa mshipa. Utafiti wa NASCET wa mwaka 1991 ulihusu watu waliokuwa na dalili na mshipa uliobanwa 70 hadi 99%: katika miaka miwili, 26% ya waliotumia dawa pekee walipata kiharusi cha upande huo, dhidi ya 9% ya waliofanyiwa upasuaji. Faida hiyo ni kubwa zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya wiki mbili tangu dalili. Asiye na dalili hesabu yake ni nyingine, na mtu mzima wa kawaida asiye na dalili hashauriwi kupimwa karotidi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mkono ukilegea au mdomo ukipinda kwa dakika kumi kisha ukarudi sawa, nenda hospitali saa hiyohiyo, na uombe shingo ipimwe pande zote mbili.